Licklider, mwanasaikolojia aliyetaka kompyuta moja itumiwe na wengi

Maji ya mto Rusizi na Ziwa Tanganyika yalipopanda mwezi Aprili 2024, mitaa kadhaa ya Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, ilifurika kwa mara nyingine. Ilikuwa hivyo mwaka 2020, ikawa hivyo tena mwaka 2021. Katika mafuriko ya namna hiyo familia hubeba kinachobebeka: magodoro, masufuria, vyeti vya shule, simu. Kwa kijana anayetunga programu za kompyuta, kitu cha kuokolewa kwanza ni kompyuta yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna kazi ya miezi mingi ambayo huenda haina nakala mahali pengine popote.

Mwezi uliofuata tatizo lilikuja kutoka upande wa pili. Nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano yakazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Burundi haina pwani. Intaneti yake hulazimika kupitia nchi jirani kabla ya kuzifikia nyaya za baharini. Kazi iliyohifadhiwa kwenye seva ya mbali haikuguswa na maji ya Rusizi, lakini katika siku kama zile mwenye kazi naye huenda asiweze kuifikia.

Zana za kutungia programu ziwekwe wapi basi: kwenye kompyuta iliyo mezani pa mtu, au kwenye mashine ya mbali inayotumiwa na wengi kwa pamoja? Swali hili linaonekana kuwa la leo, ila lina umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa watu waliolipa uzito mapema ni Joseph Carl Robnett Licklider, Mmarekani aliyefariki mwaka 1990. Hakusomea uhandisi wa kompyuta. Alikuwa mwanasaikolojia.

Alianza na masikio

Licklider, ambaye wenzake walizoea kumwita Lick, alizaliwa tarehe 11 Machi 1915 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri, akiwa mtoto pekee wa wazazi wake. Utotoni alipenda kuunda ndege ndogo za mfano, na maisha yake yote alikuwa na mazoea ya kuyafanyia matengenezo magari makuukuu hadi yaendeshwe tena. Mwaka 1937 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis akiwa amesoma fizikia, hisabati na saikolojia kwa pamoja. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1942 katika Chuo Kikuu cha Rochester, kwa utafiti kuhusu namna ubongo unavyopokea sauti.

Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Marubani wa ndege za kivita walishindwa kusikilizana redioni kwa sababu ya ngurumo za injini, na maabara ya sauti ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipewa kazi ya kutafuta dawa. Licklider alijiunga nayo mwaka 1943. Yeye na wenzake walipima ni kiasi gani cha sauti ya binadamu kinaweza kuharibika kabla maneno hayajaacha kueleweka, wakakuta kwamba sauti huweza kukatwakatwa sana na bado msikilizaji akafahamu kinachosemwa.

Utafiti huo ulimpa mwelekeo ambao hakuuacha tena. Kwake mashine haikupaswa kupimwa peke yake. Ilipaswa kupimwa pamoja na mtu anayeitumia: anasikia nini, anachoka wapi, anapoteza muda gani.

Saa zilizopotea

Mwaka 1950 alihamia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Huko alishiriki katika kazi za Maabara ya Lincoln, ambako mfumo wa ulinzi wa anga uitwao SAGE ulikuwa ukibuniwa. Katika mfumo huo askari aliketi mbele ya kioo, akaiuliza kompyuta swali na kupata jibu papo hapo. Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Katika miaka ya 1950 lilikuwa nadra sana.

Mtunga programu wa kawaida wa enzi hizo hakuruhusiwa hata kuigusa kompyuta. Aliandika maagizo yake kwenye karatasi, yakatobolewa kwenye kadi, na kadi zikakabidhiwa kwa wahudumu wa chumba cha mashine. Zilipangwa foleni pamoja na kadi za watu wengine. Jibu lilirudi baada ya saa kadhaa, pengine siku ya pili, na kama mtu alikosea alama moja tu, aliisahihisha na kuanza foleni upya.

Katika maabara hiyohiyo ya Lincoln, Licklider alikutana na mhandisi Wesley Clark, aliyemwonyesha kompyuta iitwayo TX-2. Mtu aliketi peke yake mbele ya mashine hiyo na kufanya nayo kazi moja kwa moja. Mwanasaikolojia huyo akavutwa kabisa na jambo hilo.

Mwaka 1957 aliamua kujichunguza mwenyewe. Aliandika jinsi alivyotumia saa zake za kazi, akagundua kwamba takriban asilimia 85 ya muda aliodhani kuwa ni wa kufikiri uliishia katika maandalizi: kutafuta takwimu, kuzipanga, kukokotoa, kuchora grafu. Kufikiri kwenyewe kulichukua sehemu ndogo iliyobaki. Mwaka huohuo alihamia kampuni ya Bolt Beranek and Newman mjini Cambridge, Massachusetts, akaishawishi inunue kompyuta, na baadaye kampuni hiyo ikawa ya kwanza kupata mashine aina ya PDP-1. Mwaka 1960 alichapisha makala iliyompa jina kubwa. Ndani yake alieleza ushirika ambao mtu angeweka malengo na kuuliza maswali, na kompyuta ikabeba kazi za kuchosha zinazomla mtu siku nzima.

Mashine moja, watu wengi

Kikwazo kilikuwa bei. Kompyuta kubwa ya miaka hiyo iligharimu mamilioni ya dola, na hakuna chuo wala kampuni ambayo ingemnunulia kila mtafiti ya kwake. Zaidi ya hayo, kompyuta ilifanya kazi kwa kasi kubwa, ilhali mtu aliye mbele yake alitumia muda mwingi akiwaza na kuandika polepole. Kumwachia mtu mmoja mashine nzima kulimaanisha kuiacha ikae bure karibu muda wote.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kugawana muda. Kompyuta humhudumia mtumiaji mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikahamia kwa wa pili, kisha wa tatu, hadi inamrudia wa kwanza kabla hajatambua kwamba aliachwa. Ni kama muuza duka mwepesi wa mikono anayehudumia wateja kumi kwa zamu, na kila mmoja akadhani kahudumiwa peke yake.

Wazo hilo halikuwa la Licklider peke yake. Mwaka 1959 John McCarthy wa MIT alikuwa amekwisha kulieleza, na Mwingereza Christopher Strachey alizungumzia jambo lililofanana nalo katika mkutano uliofanyika Paris mwaka huohuo. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha mfumo wao wa mwanzo wa kugawana muda, CTSS. Kilichokosekana ni mtu mwenye fedha na mwenye kuamini kwamba mpango huo ungebadilisha namna watu wanavyofikiri.

Oktoba 1962, miezi mitatu baada ya Burundi kupata uhuru, Licklider alichukua wadhifa katika ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Aliongoza ofisi ndogo yenye bajeti iliyotosha kubadilisha mwelekeo wa vyuo vikuu. Aligharimia utafiti wa kugawana muda katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley na kwingineko, na tarehe 1 Julai 1963 ukaanza mradi mkubwa kuliko yote, Project MAC wa MIT, chini ya Profesa Robert Fano.

Wanafunzi na watafiti wa MIT sasa waliweza kuketi mbele ya taipureta iliyounganishwa kwa waya na kompyuta kuu, wakaandika programu, wakaijaribu, wakaona kosa na kulisahihisha palepale. Zana za kazi, yaani programu za kuhariri, za kutafsiri maagizo kuwa lugha ya mashine na za kutafuta makosa, zote zilikaa kwenye kompyuta hiyo moja. Aliyebuni zana nzuri aliiacha humo, na kesho yake mwenzake akaikuta na kuitumia. Fano na wenzake waliona kwamba watu waliogawana mashine walianza kugawana na kazi zao.

Nywila zilizoanikwa

Ushirika una gharama zake. Kompyuta ya Project MAC iliweza kuwahudumia watu 30 hivi kwa wakati mmoja, na waliozidi hapo walisubiri. Mashine ilipozimika, wote walisimama. Mtu mmoja akiendesha kazi nzito, wengine walihisi uzito wake.

Mwaka 1966 likatokea kosa ambalo wataalamu wa usalama wa kompyuta hulisimulia hadi leo. Wasimamizi wawili wa CTSS walikuwa wakihariri mafaili kwa wakati mmoja: mmoja alishika ujumbe wa siku unaomkaribisha kila mtumiaji, mwingine alishika orodha ya nywila. Programu ya kuhariri ilikuwa imeundwa kwa kudhani kwamba mtu mmoja tu ndiye angeitumia mahali pale kwa wakati mmoja, kwa hiyo ilihifadhi kazi za wote wawili kwa muda chini ya jina moja. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo akapokelewa na orodha kamili ya nywila za watumiaji wote.

Hapakuwa na mwizi katika tukio hilo. Zana iliyofaa kwa mtu mmoja iliwekwa mahali pa wengi bila kubadilishwa. Hadi sasa wasimamizi wa seva za vyuo vikuu wanalijua tatizo la jamii hiyo, pale programu nzito za kuhariri, zilizobuniwa kwa ajili ya kompyuta ya mtu mmoja, zinapofunguliwa na makumi ya wanafunzi kwenye seva moja na kuimaliza kumbukumbu yake.

Wesley Clark, yuleyule aliyemwonyesha Licklider TX-2, hakuikubali njia ya kugawana muda tangu mwanzo. Aliona kwamba mtafiti anahitaji mashine yake mwenyewe, ndogo, anayoweza kuifungua na kuifunga apendavyo. Mwaka 1962, mwaka uleule ambao Licklider aliingia ARPA, Clark na mwenzake Charles Molnar walikamilisha kompyuta ndogo iitwayo LINC kwa ajili ya maabara za tiba na biolojia. Wanahistoria wengi huihesabu miongoni mwa kompyuta binafsi za kwanza. Hoja mbili zinazoshindaniwa leo zilikuwa tayari zimesimama, na waliozitetea walikuwa watu wanaofahamiana.

Haki au upendeleo

Licklider mwenyewe hakung'ang'ania mashine moja kubwa. Tarehe 23 Aprili 1963 aliwaandikia watafiti waliofadhiliwa na ofisi yake, akiwataja kwa utani kuwa wanachama wa mtandao wa galaksi zote. Nyuma ya utani huo palikuwa na tatizo halisi: kila kituo kilikuwa na mashine yake, lugha yake na taratibu zake. Mtafiti wa mji mmoja angewezaje kuitumia programu iliyo katika mji mwingine? Alitaka vituo hivyo vikubaliane namna ya kuzungumza, ili kila mmoja abaki na mashine yake na bado afikie kilicho kwa mwenzake.

Aliondoka ARPA mwaka 1964 na kwenda kufanya kazi katika kampuni ya IBM, lakini barua ile iliendelea kuzaa matunda. Robert Taylor, aliyekuja kuiongoza ofisi hiyohiyo na ambaye naye alisomea saikolojia, alianzisha mradi wa kuunganisha kompyuta za vituo mbalimbali. Wesley Clark ndiye aliyependekeza kwamba kazi ya kupokea na kupeleka ujumbe ifanywe na mashine ndogo za pembeni badala ya kompyuta kuu. Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulipita kati ya vituo viwili vya California, na mtandao wa ARPANET ukazaliwa. Ndio mzazi wa intaneti ya sasa.

Mwaka 1968 Licklider na Taylor waliandika pamoja makala kuhusu kompyuta kama chombo cha mawasiliano. Walitabiri jumuiya za watu wasiokaa mji mmoja lakini wanaoshughulika na jambo moja. Walitoa pia tahadhari ambayo haikuzungumzwa sana wakati huo. Kwa maoni yao, heri au shari ya mtandao ingetegemea jambo moja kubwa: iwapo kuunganishwa kungekuwa haki ya watu wote au upendeleo wa wachache. Ikiwa ni wachache tu watakaofaidi, waliona, mtandao utapanua pengo kati ya watu badala ya kulipunguza.

Taylor alihamia kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, ambako mwaka 1973 ilikamilika kompyuta iitwayo Alto. Kila mtafiti alipata ya kwake, mezani pake, yenye kioo na kipanya. Butler Lampson na Chuck Thacker, walioibuni, walikuwa wametoka katika mradi wa Berkeley uliofadhiliwa na ofisi ya Licklider. Watoto wa kugawana muda ndio waliojenga kompyuta ya mtu binafsi. Hata hivyo hawakuiacha ijitenge. Kompyuta za Alto ziliunganishwa kwa mtandao wa ndani, na seva za pamoja zikabaki na kazi zinazofaa kufanywa kwa pamoja, zikiwemo kuchapisha na kuhifadhi mafaili.

Miaka ya mwisho

Licklider alirudi MIT, akaiongoza Project MAC kuanzia mwaka 1968 hadi mwaka 1970. Mwaka 1974 aliitwa tena kwenye ofisi aliyoianzisha Washington, lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Bunge la Marekani lilikuwa limebana fedha za utafiti wa kijeshi, likitaka kila dola ihusishwe moja kwa moja na mahitaji ya jeshi. Uhuru aliokuwa nao mwaka 1962, wa kumwamini mtafiti na kumwacha afanye kazi kwa miaka kadhaa bila kumsumbua, haukuwepo tena. Mwaka 1975 akaondoka, akarudi kufundisha hadi alipostaafu mwaka 1985.

Alifariki tarehe 26 Juni 1990 huko Arlington, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 75, akimwacha mkewe Louise na watoto wawili. Wakati huo tovuti zilikuwa bado hazijaufikia umma, na watu wengi duniani hawakuwa wamewahi kulisikia neno intaneti. Hakuwa mgunduzi wa mashine yoyote inayobeba jina lake. Alichoacha ni watu aliowapa fedha na imani, na swali ambalo aliwazoesha kuliuliza kila walipobuni kitu: je, linampunguzia mtu saa za kuhangaika au linamwongezea?

Kutoka Massachusetts hadi Rusizi

Swali hilo linaweza kuulizwa Gatumba bila kubadilishwa neno. Seva ya pamoja iliyo mbali humpa kijana mwenye kompyuta dhaifu nguvu ambayo hawezi kuinunua, nayo haizami mto unapofurika. Lakini humtaka awe na umeme, vifurushi vya intaneti na mstari usiokatika, na kila herufi anayoiandika husafiri maelfu ya kilomita kabla hajaiona kwenye kioo chake. Kompyuta iliyo mezani humwezesha kufanya kazi hata mtandao ukiwa umelala. Ikizama, huzama na kila kilichomo.

Watunga programu wengi duniani wameelekea kwenye njia ya katikati. Mfumo wa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mshiriki nakala kamili ya kazi pamoja na historia yake yote. Mtu huandika na kujaribu kwenye kompyuta yake mchana kutwa bila intaneti, na mtandao unapopatikana, hata kwa dakika chache, hupeleka mabadiliko yake kwenye seva ya pamoja. Kazi nzito zinazohitaji mashine kubwa hufanyika huko, kwa zamu na kwa kuwajali wengine. Kompyuta ikipotea katika mafuriko, kazi inabaki. Na nyaya za baharini zikikatika, kazi haisimami.

Mpango huo unamfaa aliye na kompyuta na njia ya kuunganishwa, hata kama ni ya kubahatisha. Warundi walio wengi bado hawatumii intaneti, na katika mitaa inayofurika mara kwa mara mtu huijenga nyumba upya kabla ya kuwaza kununua kompyuta nyingine. Kwao, jambo ambalo Licklider na Taylor waliliona mwaka 1968, la haki na upendeleo, bado halijapata jibu.